Mita 3 za Kebo: Nilivyofunga Kipima Kina Kwenye Boti ya Tanga

Kebo ya transdusa, yaani jicho la kipima kina linalopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi, ilikuja na urefu wa mita 6. Kutoka mahali nilipotaka kuweka jicho lenyewe, chini ya kitanda cha mbele, hadi kwenye usukani nilikotaka kioo chake cha kusomea namba kikae, nilipima kwa kamba nikapata mita 9 kasoro kidogo. Pungufu ya mita 3. Balaa lote ninalosimulia hapa limo ndani ya mita hizo 3: safari moja iliyoharibika, wageni wanne waliorudishiwa hela zao, na mimi kukaa juu ya mchanga tangu asubuhi mpaka adhuhuri mbele ya watu wa Pangani, ambao kucheka wanakujua.

Boti yangu ni ya tanga, futi 26, ya faiba, iliundwa Uingereza miaka ya 1970. Niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ina mikuku miwili, ile mihimili ya chini ya boti, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa hiyo maji yakipwa inasimama mchangani yenyewe bila kuegemezwa. Chini ya maji inazama mita 1 kamili. Nyumbani kwake ni Tanga, lakini msimu wa kaskazi nashinda Pangani nikipeleka wageni Maziwe. Kwa asiyepajua, Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Wazee wanakikumbuka kilipokuwa kisiwa chenye mivinje. Siku hizi hakina hata mti mmoja, na bamvua, yale maji makubwa ya pwani, likijaa kinazama chote. Kwa hiyo mgeni hupelekwa maji yakipwa, na nahodha hutoka mtoni maji yakiwa yanashuka. Hapo ndipo penye kazi.

Kwingine kote sikuhitaji mashine. Pwani yetu mtu husoma kina kwa macho: samawati nzito ni kilindi, kijani cheupe ni mchanga, kahawia yenye madoa ni mwamba. Ila mlangoni mwa mto Pangani rangi haikuambii kitu. Mto unashusha udongo, maji ni chai ya maziwa kuanzia mita 10 hadi nusu mita, na fungu la mchanga lililoko mlangoni halikai mahali pamoja. Baharia wangu, mzee wa Kigombe ninayemwita Ami ingawa hatuna udugu wa damu, alikuwa akikaa omo, mbele ya boti, na bildi yake, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, anatupa, anavuta, anataja pima. Mimi nikaona ni kazi ya kizamani. Binamu yangu aliye Maskati alipokuja likizo nikamwagiza kipima kina. Akaniletea kimoja kidogo, kioo na jicho lake, riali 75, karibu shilingi laki 5 za kwetu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu. Ukurasa wa pili una alama ya pembetatu yenye mshangao, na maneno yanayosema usiikate kebo wala usiiunganishe. Niliyasoma, sitadanganya kwamba sikuyaona. Kebo ya kurefushia ya kiwandani ipo, bei yake ilikuwa kama 170,000, lakini ingebidi nisubiri mtu mwingine atoke Maskati, na msimu ulikuwa umeshaanza. Nikajiambia waya ni waya.

Jicho nililifunga vizuri, na sehemu hiyo naisema kwa kujiamini. Sikutaka kutoboa boti. Kwenye faiba iliyojaa, isiyo na sponji wala mbao katikati, sauti hupita, kwa hiyo jicho hukaa ndani likiangalia chini kupitia sakafu ya boti. Kabla ya kuligandisha moja kwa moja ni lazima ujaribu mahali. Maelekezo yalisema tumia mfuko wa plastiki wenye maji. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, basi nikanunua glavu za mpira duka la dawa. Nikatia maji kwenye glavu, nikazamisha jicho humo, nikalowesha sakafu, nikaikandamiza glavu pale. Sehemu ya kwanza, karibu na mkuku wa kushoto, haikusoma kitu. Ya pili ilisoma mara moja. Nikapapiga msasa mpaka pakawa laini, nikapafuta kwa spiriti, nikachanganya gundi ya epoksi.

Hapo nilikosea mara moja tu: niliikoroga kama uji, ikajaa mapovu. Povu la hewa kwa sauti ni kama ukuta. Nikaifuta yote kabla haijashika, nikachanganya nyingine polepole, nikaimimina kwa upande mmoja ili hewa itoke upande wa pili, nikalishusha jicho kwa kulizungusha. Asubuhi lilikuwa jiwe.

Mwenye jahazi au mashua ya mbao asinifuate hapa. Mbao haipitishi sauti hiyo kwa uhakika, utalazimika kutoboa, na ukitoboa usitumie jicho lenye nyumba ya plastiki. Mbao ikilowa hufura, na plastiki hupasuka. Tafuta ya shaba nyeusi.

Sasa kebo. Nilikwenda duka la vifaa vya umeme, nikanunua mita 4 za waya wa nyumba, ule mweupe bapa, na tepu nyeusi. Jumla shilingi 7,000. Nikakaa sakafuni na kisu nikamenya kebo ya transdusa kwa mara ya kwanza. Kwanza ganda jeusi nene. Chini yake wavu wa nyuzi nyembamba sana, zimesukwa kama chujio la chai. Chini ya wavu karatasi ya fedha kama ya pakiti ya sigara. Ndani kabisa, waya mbili, bluu na nyeusi, nyembamba kuliko nilivyotarajia. Ule wavu nikauona takataka za kiwandani, nikaukata kwa mkasi wa jikoni. Bluu nikaisokota na waya mmoja, nyeusi na mwingine, nikazungusha tepu mpaka kiungo kikanenepa kama kidole gumba. Nikakiacha kining'inie ndani ya ngama, chini kabisa maji yanakojikusanya, nyuma ya mashine ya boti, kwa kuwa ndiko kebo ilikoishia. Waya uliobaki niliupitisha kando ya nyaya nene za oltaneta, jenereta ndogo ya mashine ya boti, maana tayari palikuwa na njia.

Ukihesabu vizuri, aya hiyo moja ina makosa manne. Mimi wakati ule nilihesabu shilingi 163,000 nilizookoa.

Nikawasha. Kioo kikaandika 3.5. Ami akatupa bildi: pima mbili na shibiri, yaani kama mita 3.9. Tofauti ile sikuijali. Nilipiga picha kioo nikamtumia binamu.

Siku ya pili niliwasha mashine ya boti, namba zikaanza kucheza. 3.5, kisha 38, kisha 0.6, kisha 3.5 tena. Nikizima mashine, zinatulia. Nikajipa jibu kwamba ni mtikisiko, nikazoea. Tukienda kwa tanga kioo kinasema kweli, tukienda kwa mashine kinasema ovyo, na mtu huzoea ovyo haraka ajabu. Kilichonipita ni kwamba mlangoni mwa mto siku zote tunapita kwa mashine. Yaani mahali pekee nilipokihitaji ndipo mahali pekee kilipokuwa hakifanyi kazi.

Wiki ya tatu ikafika bamvua. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 na kupwa kwenye saa 4, tofauti inapita mita 3. Nilipanga tutoke saa 1 asubuhi. Wageni walichelewa kifungua kinywa, tukang'oa nanga saa 2. Lisaa limoja la maji yanayoshuka si mchezo, lakini nilikuwa na kioo.

Ndani ya mto kioo kilisoma 4.2. Tukateremka. 4.2. Ami yuko omo, bildi imelala miguuni mwake kwa sababu mimi nilimwambia hatuihitaji tena. Akageuka.

"Mwanangu, maji haya siyaelewi."

"Kioo kinasema 4.2, Ami."

Akayatazama tena. "Tangu lini?"

Sikumjibu. Jua lilikuwa usoni, nimevaa miwani myeusi, na kioo kilionekana kama kipande cha lami chenye tarakimu hafifu.

"Nahodha," akasema, na akiniita nahodha najua amekasirika, "kioo chako kimelala."

Nilivua miwani. 4.2 ilikuwa inapepesa. Inawaka, inazima, inawaka. Kijitabu kinaeleza: kipima kina kikipoteza chini hakiandiki sifuri, kinashikilia namba ya mwisho kilichoiamini na kuipepesa. Huenda ilikuwa inapepesa tangu tulipopita vivuko. Nilivuta giya nyuma lakini mikuku ilikuwa imeshaingia. Hakukuwa na kishindo. Boti ilipungua mwendo kama gari linaloingia mchangani, kikombe cha chai kikateleza mezani kikaenda kudondoka, na mashine ikabaki inavuma peke yake. Saa 2 na robo.

Mikuku miwili ilituokoa, tulisimama wima kama meza. Bahari ilikuwa shwari. Ingekuwa kusi, na mawimbi yanaingia mlangoni, ningekuwa naandika hadithi nyingine. Maji yaliendelea kushuka mpaka kufikia saa 4 yakawa chini ya magoti, watoto wakaja kwa miguu kuigusa boti. Ngalawa ilikuja kuwachukua wageni, 40,000. Wao walilipa 120,000 kila mmoja. Niliwarudishia yote, laki 4 na 80, kwa sababu kufikia saa 6 na robo tulipoelea, Maziwe lilikuwa linaanza kuzama na hakuna tena cha kwenda kuona. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniambia asante kwa uzoefu. Sijui alikuwa na maana gani.

Tuliporudi Tanga nilikitoa kile kiungo ngamani. Tepu ilibanduka yenyewe, gundi imeyeyuka, inanata vidoleni kama ulimbo. Nyuzi za shaba zilikuwa kijani, zingine nyeusi, nilipozivuta kidogo tatu zikakatika. Nikamenya zaidi nikitafuta shaba nyekundu. Sentimita 5, bado kijani. Sentimita 10, bado. Niliipata baada ya sentimita 20 hivi. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa kwenye utambi. Huyaoni kwa nje, waya unang'aa tu.

Safari hii nilikwenda kwa fundi wa redio na simu mjini, kijana mdogo, nikambebea vipande vyote kwenye gazeti. Alivitazama, akashika ule upande wa transdusa.

"Kaka, wavu wake uko wapi?"

"Niliukata."

"Uliukata wa nini?"

"Niliona hauna kazi."

Hakunicheka, na kwa hilo namshukuru. Akanieleza kwa mfano wa antena ya televisheni. Jicho linapiga mlio mkali chini ya maji, mitetemo 200,000 kwa sekunde kwa mashine kama yangu, kisha linanyamaza na kusikiliza. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 5 mlio unakwenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Kinachorudi ni kidogo mno, chembe ya umeme, na chembe hiyo ndiyo inayosafiri kwenye kebo kwenda kwenye kioo. Ule wavu ndio kanzu yake. Ukimvua kanzu halafu ukamlaza ubavuni mwa oltaneta, kelele za oltaneta zinamfunika, na kioo hakijui mwangwi ni upi na kelele ni ipi. Ongeza na kutu ya kijani inayokula hata hicho kidogo kilichorudi. Kipima kina hakikuwa na kosa, kilikuwa kinaambiwa upuuzi.

Nikamuuliza kama kiungo kinawezekana kabisa au kijitabu kina haki. Akasema kijitabu kina haki kwa mtu ambaye hajui, na kwamba kebo yangu tayari imeshakatwa, sasa tuchague kiungo kizuri au mashine mpya. Nilichagua kiungo.

Waya wa kurefushia tulitaka wa aina ileile: waya mbili zilizosokotwa, karatasi ya fedha, wavu, na nyuzi ziwe zimepakwa bati, zile zenye rangi ya fedha, kwa sababu shaba tupu baharini haiishi. Tanga sikuupata. Ulitoka Mombasa, mita 4, ukapitia Horohoro kwenye begi la shemeji, kwa shilingi za Kenya 1,800 pamoja na nauli ya begi. Mpira wa kusinyaa kwa moto tulinunua ule wenye gundi ndani. Upo wa bei rahisi usio na gundi, unafaa redio ya mezani, boti haufai.

Fundi alinilazimisha nifanye kiungo cha majaribio kwenye vipande vilivyoharibika kwanza. Kilinichukua nusu saa na kilikuwa kibaya. Cha pili kilikuwa afadhali. Cha tatu ndicho tulichofanya kwenye kebo yenyewe, na nakieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu.

Bluu na nyeusi usizikate urefu mmoja. Upande huu acha bluu ndefu na nyeusi fupi, upande ule kinyume chake, ili viungo viwili vipishane, visikae bega kwa bega. Vikipishana haviwezi kugusana hata mpira ukichanika, na kebo haitoki nundu. Wavu usiukate, usokote uwe kama mkia, uweke kando. Kisha, kabla ya kuunganisha chochote, vivishe vipande vya mpira: kipande kirefu kipana kwenye kebo nzima, na vifupi vyembamba kwenye kila waya. Visogeze mbali na moto. Nasema kabla. Mimi nililehemu bluu, ikatoka inang'aa, nikaipuliza kwa furaha, kisha nikaona kipande cha mpira kiko mezani kinanitazama. Nikaikata, nikaanza upya. Nikavika mpira wa bluu, nikalehemu bluu, nikahamia nyeusi, nikalehemu, na mpira wa nyeusi uko mezani. Fundi alitoka nje kwenda kununua soda.

Kwenye kulehemu, pasha waya, siyo risasi ya kulehemu. Risasi ikiguswa na waya wenye moto huingia yenyewe kati ya nyuzi kama samli kwenye wali. Ikikaa juu kama tone la nta, haijashika, rudia. Wavu na wavu nao uunganishwe kwa risasi, hapo ndipo kanzu inaposhonwa. Tulirudisha karatasi ya fedha kuzunguka kiungo, kisha ule mpira mpana juu ya yote. Kiberiti cha gesi kinafaa kama huna kifaa cha upepo wa moto, ila tumia ubavu wa moto, siyo ncha, la sivyo unauchoma unakuwa mweusi na kupasuka. Ukisinyaa vizuri unaona gundi ikichungulia pande zote mbili, mstari mwembamba unaong'aa. Usipouona mstari huo, maji yatauona mlango.

Wapo watakaoniambia kwenye boti hailehemiwi, inabanwa kwa vibano vya shaba, kwa sababu risasi hufanya waya uwe mkavu na mtikisiko huukata. Kwa nyaya za umeme mkubwa nakubaliana nao. Kwa nyaya nyembamba za mawasiliano kama hizi, nilichagua risasi lakini nikahakikisha kiungo hakining'inii. Kimelala ndani ya kiboksi cha plastiki chenye mfuniko wa skrubu, kebo imebanwa kabla ya kuingia na baada ya kutoka, hakitikisiki. Kiboksi nilikifunga juu, chini ya sitaha, mkono mzima kutoka ngamani. Kebo inashuka kwanza kisha inapanda na kuingilia kwa chini, ili tone likitambaa juu ya kebo lidondokee kwenye pindo lisiingie ndani. Nyaya za oltaneta nilizihama kabisa. Mahali pamoja nililazimika kuzikatiza, nikazikatiza msalaba, siyo kwenda nazo sambamba.

Umeme wa kioo nao nilikuwa nimeuiba kwenye waya wa taa ya chumbani. Kila nikipiga stata kioo kilizima na kuwaka upya, maana stata inavuta mpaka umeme unaporomoka. Sasa kina njia yake kutoka betri ya taa, siyo ya mashine, na fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa mbali na betri, urefu wote wa waya ulio kabla yake hauna mlinzi.

Gharama ya mara ya pili: waya na begi kama 36,000, mpira wa kusinyaa 15,000, kiboksi 8,000, fundi 30,000 ambayo aliipunguza kutoka 50,000 nadhani kwa huruma. Jumla 89,000. Ongeza laki 5 na 20 za siku ya mchanga, na zile 7,000 za mwanzo. Hizo 163,000 nilizookoa sijui ziko wapi.

Tulijaribu maji yakiwa yametulia, mbele ya Raskazone, nanga ikiwa chini. Mashine imezimwa: 4.9. Mashine imewashwa: 4.9. Nikaongeza mafuta mpaka boti inatetemeka: 4.9. Nikawasha pampu, taa, redio ya upepo, kila kitu. Ilibaki 4.9, na mimi nikakaa chini.

Ami akatupa bildi. Safari hii nilimwomba mwenyewe, na nilileta futi kamba ili tusibishane kuhusu shibiri ya nani. Chini ya risasi ya bildi amepachika kipande cha sabuni ya mche. Kinapogusa chini kinarudi kimebeba alama. Kilirudi na mchanga mweusi na kipande cha kombe. Kamba: mita 5.3. Tofauti sentimita 40, ileile ya siku ya kwanza. Na jibu lilikuwa limekaa mbele yangu wiki zote zile: jicho liko sentimita 40 chini ya uso wa maji, na linapima kuanzia pale lilipo. Kwenye mpangilio wa kipima kina kuna sehemu ya kuongeza au kupunguza. Ukiongeza 0.4 kioo kinasoma kina chote kuanzia juu ya maji. Ukipunguza 0.6, kwa boti yangu, kinasoma nafasi iliyobaki chini ya mikuku. Nimechagua ya kwanza, ili kioo, bildi na jedwali la maji viongee lugha moja. Mwingine atapenda ya pili. Ila chagua moja, iandike, na ibandike karibu na kioo, maana mtu anayedhani 1.2 ni nafasi chini ya mkuku, kumbe ni kina chote, ana sentimita 20 tu za kufurahia. Karatasi yangu inasema: TANGU JUU YA MAJI. IKIPEPESA, SIMAMA.

Tangu hapo tumepita mlangoni mwa Pangani mara nyingi kiasi kwamba sihesabu. Mvua zikinyesha bara na mto ukishuka na tope na magogo, bado namba hupepesa kidogo, na ikipepesa naondoa gia. Ami yuko omo na bildi, hilo sijamwambia aache tena.

Mwezi uliopita alinipigia simu kijana mmoja wa Mkinga. Amenunua mashine kama yangu, kebo imepungua mita 2 na nusu, ameambiwa mimi ndiye mtu wa kuunganisha. Nilimweleza yote: wavu, mpira wenye gundi, kupishanisha, kiboksi, nikamtahadharisha kuhusu kuvika mpira kabla. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Shikamoo zako nyingi, mzee," akasema. "Lakini si nisogeze tu kioo?"

Nilimuuliza anasogeza wapi. Mlangoni mwa chumba, alisema, kwenye mkono wa bawaba, kinageuka kuangalia usukani. Nikamwambia ni wazo zuri. Nilipokata simu nilichukua ile kamba niliyopimia mwanzo, nikaenda kupima kutoka jicho langu mpaka mlango wa chumba changu. Mita 5 na sentimita 70.